Hisa za marehemu na mirathi bila wakili: mwongozo kamili kwa watu wa Lamu na Malindi

Nimeamua kuandika hii kwa urefu manake kila mara kuna mtu ananisimamisha pale Langoni au ananipigia simu usiku, na swali ni lile lile: baba alikuwa na hisa, tumeenda kwa kadhi, tumepewa karatasi, tumetuma Nairobi, imerudi. Ukiangalia kwa nini imerudi unakuta ni vitu viwili tu. Ama hisa hazikutajwa kwenye karatasi ya mahakama, ama jina la marehemu kwenye karatasi si sawa na lile lililoko kwenye hisa. Watu wanakimbilia mahakamani kwanza halafu ndo wanaanza kutafuta hisa. Geuza. Tafuta kwanza, faili baadaye.

Mimi nilifuata za ami yangu mwenyewe bila wakili, na muda mwingi niliupoteza kwa herufi moja, ntaeleza hapo mbele.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Cheti cha kifo, asili, na kopi sita hivi. Kila ofisi itabaki na moja.
- Kitambulisho cha marehemu. Kama kimepotea tafuta hata kopi, namba ndo muhimu.
- Vitambulisho na PIN za KRA (mamlaka ya ushuru) za warithi wote, si zako tu. Watoto wa chini ya miaka 18 vyeti vyao vya kuzaliwa, na wajane vyeti vya ndoa.
- Barua ya chifu inayotaja warithi wote kwa majina. WOTE, hata yule ndugu aliyeko Oman ambaye hampigi simu, hata mtoto wa mke wa pili aliyeko Kilifi. Mrithi aliyefichwa ndo anayekuja kuvunja kesi mwaka wa tatu.
- Karatasi yoyote inayohusu hisa, hata iliyoliwa na mchwa nusu.
- Daftari moja la kuandika tarehe, ofisi uliyoenda, uliyeongea naye na alichosema. Usitegemee kichwa.
- Pesa kidogo za kuapa, kopi, kufaili na nauli. Ukiwa Lamu hesabu na boti ya kwenda Mokowe na basi.

Onyo kabla ya yote. Usiguse mali ya marehemu kabla mahakama haijakupa ruhusa. Najua wengi wana PIN ya M-Pesa ya mzee, na pesa ya gawio, yaani faida ya hisa, ikiingia pale inavuta mkono. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini anaweza kupigwa faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka 1 au vyote viwili, na juu ya hapo atatakiwa kutoa hesabu ya alichochukua. Nimeona ndugu wakikatana usemi kwa sababu ya pesa ndogo sana iliyotolewa mapema.

## Hatua ya 1: Cheti cha kifo

Hapa kwetu ndo tatizo linapoanzia. Sisi tunazika siku hiyo hiyo, mtu akifa alfajiri adhuhuri ashazikwa, na kama amefia nyumbani hakuna anayekumbuka kibali cha kuzika. Kibali hicho kwa aliyefia nyumbani kinatoka kwa naibu wa chifu, na bila hicho ofisi ya usajili wa vizazi na vifo haina pa kuanzia. Ukipitisha miezi 6 bila kuandikisha kifo inakuwa usajili wa kuchelewa, na huo una maswali zaidi na siku zaidi. Hata kama tanga halijaisha tuma kijana mmoja kwa naibu wa chifu.

Kikitoka usikikunje ukaweka mfukoni. Simama pale pale dirishani usome jina herufi kwa herufi, namba ya kitambulisho, tarehe. Kosa likionekana siku hiyo ni rahisi kurekebisha kuliko baada ya kesi kufunguliwa.

## Hatua ya 2: Pekua nyumba

Karatasi za ami yangu zilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kanzu zake za Idi. Risiti za stima, kadi ya kliniki, picha ya pasipoti ya ujanani, na katikati vikaratasi vyembamba virefu vyenye vitobo pembeni. Ni hundi za gawio, ile watu wanaiita dividendi, za miaka tofauti, na nyingine ni za pesa ndogo mpaka hakujisumbua kuzipeleka benki. Shangazi alikuwa ashaliweka lile kopo pamoja na takataka za kuchomwa.

Kwa hivo usichome kitu. Tafuta hivi:

Vyeti vya hisa vya karatasi, hivi ni vya zamani, kabla hisa hazijaanza kuwekwa kielektroniki. Taarifa za akaunti ya CDS, ambayo ndo akaunti ya kuwekea hisa, na namba yake ni dhahabu. Fomu za kununulia hisa. Watu wengi wa pwani walinunua hisa zilipouzwa kwa umma, KenGen 2006, Kenya Re 2007 na Safaricom 2008 iliyouzwa shilingi 5 moja, kwa hivo kama mzee alikuwa na mshahara au biashara miaka ile uliza kwa makini. Taarifa za benki nazo zipitie mstari kwa mstari, gawio linaingia mara moja au mbili kwa mwaka na jina la kampuni liko pale pale. Sanduku la posta kama bado lipo nenda ukalifungue. Na laini yake ya simu usiitupe wala usiiache ifungwe, manake kampuni nyingine hulipa gawio kwa M-Pesa na ile meseji ni ushahidi. Unasoma meseji, pesa hutoi.

Sasa hapa kuna mtego. Fomu ya kununulia haisemi mzee anamiliki hisa ngapi, inasema aliomba ngapi. Safaricom 2008 watu waliomba kupita kiasi, wakagawiwa kidogo na pesa iliyobaki wakarudishiwa, kwa hivo familia inayoshika fomu na kudai hisa 2,000 inagombana bure na msajili, yule anayeweka daftari la wenye hisa. Na kinyume chake pia kipo. Kampuni ikigawanya hisa zake idadi inaongezeka, kama Equity ilivyofanya 2009 hisa 1 ikawa 10, kwa hivo karatasi ya zamani inaweza kusoma 500 na ukweli ni 5,000. Idadi unayoiamini ni ya msajili au CDSC (wanaoweka hisa za kielektroniki) peke yake.

Jambo jingine, wako waliokopa benki kununua hisa. Ukikuta barua ya mkopo ya miaka ile iweke kando, deni linatangulia urithi.

Ukimaliza hatua hii uwe na ukurasa kwenye daftari wenye majina ya kampuni, namba ya CDS kama ipo, broka (wakala wa kununua na kuuza hisa) aliyetumika, na majina yote ya marehemu kama yalivyoandikwa kwenye kila karatasi. Hilo la mwisho ndo watu wanaruka.

## Hatua ya 3: Uliza sehemu tatu

Hisa za mtu aliyekufa zinaweza kuwa sehemu tatu, na ukiuliza moja tu utaambiwa hakuna kitu urudi nyumbani ukiamini.

Kwanza broka au CDSC. CDSC ndo wanaoweka hisa za kielektroniki za kampuni zilizoko Soko la Hisa la Nairobi. Unaingia kwao kupitia broka. Kama unajua aliyemtumia marehemu anza na huyo.

Pili msajili wa hisa wa kampuni. Kila kampuni ina msajili anayeweka daftari la wenye hisa na kulipa gawio. Safaricom kwa mfano ni Image Registrars. Ukitaka kujua wa kampuni nyingine fungua ripoti yake ya mwaka mtandaoni, ameandikwa kurasa za mwanzo au mwisho. Mwandikie barua yenye jina la marehemu na namba ya kitambulisho, uambatanishe cheti cha kifo, barua ya chifu na kopi ya kitambulisho chako. Muulize mambo matatu: kuna hisa ngapi, gawio gani halijalipwa, na ni karatasi gani hasa ya mahakama mtakayoikubali. Jibu la swali la tatu litakuokoa safari ya pili mahakamani.

Tatu UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, iliyoundwa na sheria ya 2011. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka 3 huhesabika limeachwa na kampuni inalipeleka huko, na hisa zenyewe zinaweza kufuata. Ndo maana msajili anaweza kukwambia jina halipo na asiwe anadanganya, zimeshahama. Piga *361# au ingia tovuti yao utafute kwa jina na kitambulisho. Tafuta kwa kila namna ya kuandika jina.

Onyo: kudai UFAA ni bure. Akija mtu, hata kama ni jirani, akwambie ana mtu wake ndani na anataka asilimia ama "ya kufungulia faili", mwambie ahsante.

Pengine watakujibu kwamba hawatoi habari za mwenye hisa mpaka uwe na idhini ya mahakama. Wana haki, hawakujui. Usikate tamaa hapo, sheria inaruhusu mahakama kutoa granti, yaani idhini ya kusimamia mali, ya muda ya kukusanya na kulinda mali tu, mahakamani wanaiita *ad colligenda bona*. Haikupi ruhusa ya kugawa, ila inakufungulia milango ya kuuliza. Kama una namba ya CDS na ushahidi wa kutosha huihitaji, nenda moja kwa moja.

Hatua hii imefaulu ukiwa na maandishi, si maneno ya simu, yanayotaja kampuni, idadi ya hisa na jina lilivyoandikwa huko.

## Hatua ya 4: Majina, majina, majina

Ami alikuwa Athman kwenye kitambulisho. Kwenye hisa aliandikwa Othman, sijui ni karani wa siku zile alisikia hivo au yeye mwenyewe aliandika kwa haraka. Mimi nikaona ni jina moja, kila mtu Lamu anajua ni jina moja. Nikafaili kwa Athman, nikapata karatasi, nikatuma kwa msajili. Ilirudi baada ya wiki nyingi na mstari mmoja: jina halioani na rejista. Nikairudisha mahakamani, na karani mzee pale akaiangalia akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe unamjua ami yako. Wao wanajua karatasi."

Sisi tuna shida hii kuliko watu wa bara. Mtu ni Mohamed Ali Omar kwenye kitambulisho, Mohamed Bwana Ali kwenye hisa, na benki ni Muhammad A. Omar. Jina la babu linaingia na kutoka, "Bwana", "Sharif" na "Mwenye" yanaingia na kutoka.

Fanya hivi. Toa ule ukurasa wa daftari, panga majina yote. Kisha apa hati ya kiapo mbele ya kamishina wa viapo, ukieleza kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja mwenye kitambulisho namba fulani, ukiambatanisha kila karatasi yenye jina tofauti. Chifu naye aandike hivo hivo kwenye barua yake. Halafu, na hili ndo lenyewe, kwenye ombi la mahakama andika jina la cheti cha kifo likifuatiwa na "pia akijulikana kama" na majina mengine yote. Kiapo peke yake kikikaa pembeni hakitoshi, unataka majina yatokee kwenye granti yenyewe.

Kama ushapata granti yenye kosa usianze kesi upya. Kifungu cha 74 kinaruhusu mahakama kurekebisha makosa ya majina na maelezo. Unaomba marekebisho kwenye faili ile ile.

## Hatua ya 5: Chagua mahakama, faili

Kama marehemu alikuwa Mwislamu na warithi wote ni Waislamu na wote wamekubali, mlango ni Mahakama ya Kadhi, iko Lamu na iko Malindi. Ibara ya 170 ya Katiba inataka wote wawe Waislamu na wote wakubali mamlaka ya kadhi. Mmoja akikataa, nenda kwa hakimu au Mahakama Kuu, na bado mgao wa Mwislamu utafuata sheria ya Kiislamu, kwa hivo yule anayekataa kadhi akidhani atabadilisha fungu lake haimsaidii, anachelewesha tu.

Wasio Waislamu wanaenda kwa hakimu, na hakimu mkuu anaweza kusikiliza mali ya hadi shilingi milioni 20. Kama hakuna wasia fomu kubwa ni P&A 80 ambayo ndo ombi lenyewe, P&A 5 ambayo ni kiapo chenye orodha ya warithi na mali, P&A 38 ya ridhaa ya warithi wenzako, na P&A 57 ya wadhamini. Kwa kadhi unafaili ombi la kutambua warithi na kugawa mali, masijala watakuonyesha mfano. Kufaili sasa ni mtandaoni, ila ukienda masijala asubuhi mapema na karatasi zako zimepangwa watakusaidia, mimi nilisaidiwa vizuri.

Kwenye orodha ya mali usiandike "hisa za Safaricom" ukaachia hapo. Andika kampuni, idadi, namba ya CDS, na maneno haya: *pamoja na gawio lolote ambalo halijalipwa, liwe kwa msajili au UFAA.* Bila maneno hayo utapata hisa na gawio la miaka kumi litabaki kule.

Wasimamizi hawazidi wanne. Kukiwa na mrithi wa chini ya miaka 18 msimamizi asiwe mmoja peke yake, wawe wawili au zaidi.

## Hatua ya 6: Kusubiri

Kwa hakimu na Mahakama Kuu tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali (Kenya Gazette) na watu wana siku 30 za kupinga. Kisha inatoka granti. Wengi wanafikiri wamemaliza wakakimbia nayo Nairobi. Bado. Granti inakufanya msimamizi tu, mgao unatokana na kuthibitishwa kwake, na hiyo kawaida unaiomba baada ya miezi 6 kwa fomu P&A 108. Unachotaka mkononi ni cheti cha kuthibitisha granti chenye jedwali la nani anapata nini. Kwa kadhi tarehe hupangwa na warithi huitwa, hakikisheni mnafika wote ama wasiofika wametuma ridhaa iliyoapwa.

## Hatua ya 7: Mgao uandikwe kwa idadi

Kabla ya mgao yanatoka gharama za mazishi, madeni, kisha wasia usiozidi theluthi na usiokwenda kwa mrithi. Kinachobaki ndo cha warithi.

Tuseme zimebaki hisa 2,400, na marehemu ameacha mke, mama, wana wawili na binti mmoja. Mke thumni (sehemu ya nane), hisa 300. Mama sudusi (sehemu ya sita), hisa 400. Zinabaki 1,700, mwana mafungu mawili binti fungu moja, jumla mafungu 5, kila fungu 340. Kila mwana 680, binti 340.

Sasa omba hukumu iandike hivo, mke 300, mama 400, na kuendelea. Isiandike "mke thumni" peke yake. Msajili na broka hawapigi hesabu za faraidhi (mgao wa Kiislamu), wanaandika namba wanayoiona. Na hisa haikatwi vipande, kwa hivo idadi isipogawika sawa kubalianeni kabla nani anachukua ile moja au mbili zilizozidi, muiandike.

Asiye Mwislamu asiyeacha wasia na ana mke na watoto, mjane ana haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake na baadaye ni ya watoto sawa kwa sawa, labda wote wakubaliane vingine mbele ya mahakama.

## Hatua ya 8: Kuhamisha

Omba mahakama kopi zilizothibitishwa kwa muhuri, tatu au nne. Asili usitume kwa mtu, wala usimpe dereva wa basi.

Kila mrithi afungue akaunti yake ya CDS kwa broka, kitambulisho, PIN ya KRA, picha na namba ya benki. Jina kwenye akaunti liwe lile lile la kwenye hukumu, tumeshaongea habari ya majina. Mtoto anafunguliwa akaunti chini ya mlezi. Kisha wasimamizi wanasaini fomu za kuhamisha na broka anazipeleka. Cheti cha karatasi kikiwa kimepotea utaambiwa ulete ripoti ya polisi na hati ya kuwakinga na hasara, ni kawaida.

Mkitaka kuuza mgawane pesa badala ya hisa inawezekana, ila pesa ipite kwenye akaunti ya mirathi iliyofunguliwa kwa majina ya wasimamizi, isipite kwa simu ya mtu. Hisa nyingine hazina wa kumuuzia. Kampuni ya sukari ya Mumias kwa mfano iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya madeni, 2019 na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Zihamisheni tu majina yakae sawa, msitumie nauli kubwa kwa ajili yake.

Za UFAA mnadai kando kwa fomu zao, mkiambatanisha cheti cha kifo, karatasi ya mahakama, vitambulisho na namba za benki. Huduma Centre wanaweza kukuelekeza.

Hisa za SACCO hazipiti njia hii yote. Nenda SACCO kwenyewe uulize marehemu alimwandika nani kama mrithi kwenye fomu ya uanachama.

Broka akikwambia tayari, kila mrithi aombe taarifa ya akaunti yake ya CDS na alinganishe na hukumu, namba kwa namba. Halafu mpeleke namba za simu na benki za kila mmoja kwa msajili ili gawio linalofuata liingie kwa mwenyewe. Kwetu sisi la kwanza liliingia kwa shangazi, akaniletea simu nimsomee meseji, na jina lililoandikwa pale lilikuwa lake.